Mwulize Bibi wa Bustani: Kipepeo unamtaka, kiwavi je?

Barua za safari hii karibu zote ni za vipepeo. Toleo lililopita niligusia kwa mistari minne tu habari ya kung'oa kipande cha ukoka na kupanda maua ya kuwaita, kumbe nimechokoza mzinga. Nimechagua barua saba. Waliouliza dawa ya kuua konokono wanisubiri kidogo, leo nina wageni wengine.

SWALI: Shikamoo Bibi. Nina kitalu kizima cha zinia, kosmosi na alizeti fupi, na mrehani pembeni. Maji hayakosi. Vipepeo wanakuja, wanakunywa, wanakwenda zao. Jirani yangu hana ua hata moja, amepanda mboga tu, lakini kwake wamejaa. Nimekosea wapi? Halafu jambo jingine dogo: mlimao wangu unaliwa na vidudu fulani kama mavi ya ndege. Nautia dawa kila Jumamosi na bado vinarudi. (Mpenda Maua)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Swali umeliuliza juu na jibu umeliandika chini, ila hukujua kuwa ni jibu.

Hivyo vidudu navifahamu vizuri, maana nimeviua miaka miwili. Kila asubuhi kabla ya chai nilizunguka mndimu wangu na kijiti, navipukutisha, navikanyaga kwa ndala, narudi ndani najiona mkulima. Mpaka mjukuu wangu, enzi hizo ana miaka sita, akaniuliza: "Bibi, hivi mavi ya ndege huwa yanatembea?" Akakitia kimoja kwenye chupa ya kioo pamoja na kitawi cha mndimu, akafunga mdomo wa chupa kwa kipande cha chandarua, na kazi ya kubadilisha majani ikawa yangu.

Kila baada ya siku chache kilijivua ngozi na kuongezeka unene. Kilipojivua mara ya nne hakikuwa tena mavi ya ndege. Kilikuwa kijani, kijani kile kile cha jani la mndimu, na madoadoa ya kahawia ubavuni kana kwamba jani limeanza kukauka hapo. Nilikigusa kwa ncha ya kijiti. Nyuma ya kichwa zikachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa, na harufu kali ya tunda lililovunda ikanipiga puani. Nikaruka. Mtoto alinicheka wiki nzima.

Halafu kikaacha kula. Kikajifunga kwenye kitawi kwa uzi mmoja wa hariri uliopita kiunoni, kimeegemea nyuma kama mkwezi anayepumzika juu ya mnazi, kikawa pupa. Baada ya majuma mawili na siku kadhaa akatoka kipepeo mweusi mwenye madoa ya manjano, mpana kuliko kiganja changu. Tukamfungulia dirisha. Nilibaki nimesimama pale najaribu kuhesabu wale wa ndala, nikaiacha hesabu njiani.

Jina lake la kitaalamu ni Papilio demodocus, na kwao ni Afrika. Asia yupo ndugu yake, Papilio demoleus. Amerika yupo Papilio cresphontes. Wote watatu hulea watoto kwenye jamii ya michungwa, milimao na mindimu, na utotoni wote watatu hujifanya mavi ya ndege ili ndege wasione chakula. Kwa hiyo popote ulipo, mlimao pamoja na dawa ya Jumamosi ni kumwita kipepeo kwa mkono mmoja na kumfukuza kwa mwingine.

Zinia zako ni mkahawa. Kipepeo huingia, hunywa nekta, hubeba chavua kidogo kama malipo, hutoka. Atakaa pale alipopata pa kulelea. Na jike hachagui mahali hapo kwa uzuri wa maua. Hutua juu ya jani, akalipigapiga kwa miguu ya mbele, kwa sababu ladha huionja kwa miguu. Jani likiwa silo, huyo anaruka. Nimewahi kumfuata mmoja kwa macho akionja majani kumi na moja ya kichaka kimoja, akaacha yai moja tu, dogo kuliko kichwa cha pini, kisha akaondoka kama aliyesahau kitu mahali pengine.

Kila ukoo una jani lake. Vipepeo weupe wanataka kabichi, haradali na jamaa zake. Siri ya jirani yako ndiyo hiyo. Wale wa rangi ya chungwa wenye ncha nyeusi, pamoja na yule maarufu wa Amerika Kaskazini anayehamia milima ya Meksiko kila mwaka, watoto wao hawagusi kitu isipokuwa mimea ya jamii fulani yenye utomvu mweupe kama maziwa. Wengi wa kahawia, wale wasio na mbwembwe, hulelewa kwenye nyasi za kawaida tu. Kwa hiyo kabla ya kununua mbegu nyingine ya maua, tembea mtaani kwako uangalie vipepeo gani wapo tayari, kisha utafute majani wanayotagia. Kupanda mmea wa kipepeo asiyefika kwenu ni kutandika kitanda cha mgeni ambaye hakualikwa.

Kuhusu mlimao: acha dawa leo, usingoje chupa iishe. Zipo dawa za kunyunyizia, ambazo huua kinachoguswa, na zipo zile zinazonyonywa na mmea mzima mpaka zikaingia kwenye chavua na nekta, kwa hiyo hata mnywaji aliyepita njia anapata fungu lake. Umoja wa Ulaya mwaka 2018 ulikataza tatu za kundi la neonikotinoidi zisitumike nje ya mabanda ya kioo, kwa sababu ya nyuki. Unaponunua miche, muulize muuzaji kama imetiwa dawa. Akikujibu kwa haraka sana, uliza mara ya pili.

Mti uliokomaa hauwezi kuuawa na viwavi hawa, majani hurudi. Mche mdogo ndio wa kuonea huruma: ukiona viwavi wanane kwenye mche wenye majani thelathini, wahamishe sita kwenye mti mkubwa, kwa kukata jani walilokalia wala si kwa kuwabandua. Na usiogope kwamba watajaa uwanja mzima. Wengi wao hawafiki. Nyigu wadogo hutaga ndani ya miili yao, siafu huwabeba, ndege huwachukua kuwalisha makinda. Huko Amerika Kaskazini wataalamu wamekadiria kwamba jozi moja ya ndege wadogo sana, wa gramu kama kumi na moja kila mmoja, hutumia viwavi 6,000 hadi 9,000 kukuza makinda ya kiota kimoja. Kwa hiyo anayelalamika kwamba ndege wamepungua kwake, na chupa ya dawa anayo stoo, sina la kumwambia zaidi.

SWALI: Bibi, mimi niko ghorofa ya tatu. Roshani yangu inatosha ndoo nne na kiti kimoja. Nijisumbue? (Wa Juu)

JIBU: Jisumbue. Vipepeo hufika ghorofa ya tatu bila ngazi. Kinachowashinda ni upepo na kivuli. Misuli ya mabawa haifanyi kazi vizuri mpaka mwili upate joto la karibu nyuzi 30 za Selsiasi, na joto hilo hulipata kwa kuota jua, mabawa yamefunguliwa kama kitabu. Kwa hiyo ndoo zikae upande unaopata jua la asubuhi, na upande wa upepo weka kitu cha kuzuia: mtambaazi kwenye wavu, au hata mkeka uliosimamishwa.

Ndoo moja iwe ya mche wa ndimu, nao uukubali kabisa kwamba ni wa kuliwa. Mbili zijaze aina moja tu ya ua, si mchanganyiko, kwa sababu rangi moja iliyosongamana huonekana kutoka mbali kuliko rangi sita zilizotawanyika. Chagua maua ya tabaka moja la petali. Yale yaliyofumwa fumwa mpaka yanafanana na pamba mara nyingi yana nekta kidogo, na hata ikiwepo mrija hauifikii. Ndoo ya nne panda mrehani au mnanaa, halafu ufanye lile linalotuuma sisi wapishi: uache utoe maua.

Chini ya kiti weka sahani pana yenye mchanga uliolowa na chembe chache za chumvi. Madume ya vipepeo hupenda kunyonya matope, si kwa kiu bali kutafuta chumvichumvi, na wakishaipata huwapa majike wakati wa kupandana, kama mahari. Usiku zima taa ya roshani. Nondo nao ni wa kwetu, na aina zao ni nyingi mara kadhaa kuliko za vipepeo. Taa huwazungusha mpaka wakachoka bila kula wala kutaga.

Mmea wa utomvu mweupe usiuweke kwenye roshani kama una mtoto anayeshika kila kitu. Mimi mwenyewe nilipogoa wangu bila glavu, nikajifuta jasho jichoni. Siku mbili niliona dunia kama iko nyuma ya pazia la bafuni, na daktari akanisema kama mtoto wa darasa la pili. Utomvu ule unaweza kudhuru jicho vibaya. Vaa glavu, nawa, kisha ndiyo ushike uso.

SWALI: Mama, naomba unisaidie maneno. Binti yangu wa miaka tisa alimwona kipepeo akihangaika kutoka kwenye pupa, akamwonea huruma, akampasulia ganda kwa kibano cha nyusi. Mabawa yamebaki yamekunjamana. Hawezi kuruka. Mtoto analia, na mimi sijui nimwambie amefanya vibaya au vizuri. (Mama Binti)

JIBU: Pole yake, na pole yako. Mweleze kwanza kinachotokea mle ndani, kwa sababu mtoto anayejua sababu hulia kidogo.

Pupa inapokaribia kupasuka huwa kama karatasi iliyolowa mafuta, unaona rangi za mabawa kwa ndani. Kisha mstari unafunguka nyuma ya kichwa. Anayetoka hafanani na kipepeo: tumbo nene lililojaa maji, na mabawa manne madogo kama vitambaa vilivyosahauliwa mfukoni wakati wa kufua. Hupanda juu mpaka apate pa kuning'inia, na hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza. Hubana tumbo, majimaji yanasukumwa kwenye mishipa ya mabawa, na vitambaa vile vinajinyoosha taratibu mbele ya macho yako. Wakati huo huo huwa anakunja na kukunjua mrija wa mdomo. Hutoka ganda akiwa na nusu mbili za mrija zilizoachana, na lazima aziunganishe kabla hazijakauka, vinginevyo hatakunywa maisha yake yote. Baadaye hudondosha tone jekundu au la kahawia. Watoto hudhani ni damu. Ni taka tu ya siku za pupa. Inachukua saa moja, mbili, tatu hata, mabawa yakauke na kuwa magumu.

Ukimfungulia mapema, mwili haujawa tayari kusukuma, na bawa likikauka limekunjamana halinyooki tena. Lakini mwambie binti na upande wa pili, maana nao ni kweli: pupa anayekwama mara nyingi alikuwa mgonjwa tangu akiwa kiwavi. Hatujui huyu alikuwa nani. Usimwambie ameua.

Kipepeo huyo anaweza kuishi siku kadhaa ndani ya nyumba. Mwekeeni kipande cha tunda lililoiva mpaka likalainika, mbali na sisimizi. Asipokunywa, binti amshike mabawa yakiwa yamefumbwa, kwa ncha za vidole, na akunjue ule mrija kwa ncha ya pini polepole mpaka uguse tunda. Ladha akiishaipata hujitegemea. Safari nyingine, pupa iliyoanguka ifungwe kwa uzi mahali penye nafasi chini yake, angalau mara mbili ya urefu wa bawa, na kibano cha nyusi kirudi kwenye nyusi.

SWALI: Dada yangu, salaam. Mimi mstaafu mwenzako. Nimeacha theluthi ya uwanja bila kufyeka ili wadudu wapate makazi. Jirani kaniambia mbele ya watu kwamba nafuga nyoka. Mke wangu yuko upande wa jirani. Nifyeke? (Mzee wa Majani Marefu)

JIBU: Kaka yangu, usifyeke yote, lakini jirani usimcheke. Hofu yake ina miguu.

Nyoka hafuati majani, hufuata panya na mahali pa kujificha. Anza na lile rundo la matofali na mabati lililoko nyuma ya nyumba (usiniambie huna, kila mstaafu analo). Liondoe, au lipeleke mwisho kabisa wa uwanja. Shimo la mboji lisitiwe mabaki ya chakula kilichopikwa, maana hayo ndiyo yanayoita panya. Kisha fyeka ukanda wa mita mbili kuzunguka nyumba na mwingine kando ya mpaka wa jirani, uwe mfupi siku zote, na kata njia moja iliyonyooka katikati ya majani. Majani marefu yabaki kama kisiwa. Utashangaa watu wanavyonyamaza wakiona ukingo ulionyooka. Wakishaona njia wanajua kuna mwenye nyumba, na kisicholimwa hakionekani tena kama uvivu.

Kisiwa chenyewe usikifyeke kwa mkupuo. Nusu sasa, nusu nyingine baada ya miezi miwili au mitatu, na majani uliyokata yalale hapo hapo siku mbili ili waliomo watambae upande wa pili. Acha pia kipande cha udongo mtupu kinachopigwa na jua, kama ukubwa wa mkeka wa kuswalia. Sehemu kubwa ya nyuki, takriban asilimia 70 ya aina zote, hawakai mzingani wala mtini. Kila jike huchimba kishimo chake ardhini, na sisi tunaomwaga matandazo kila mahali tunawafungia mlango.

Na kama mkeo anataka mfano wa mtu mwenye akili timamu, mwambie habari za Jennifer Owen, mwanabiolojia wa Uingereza. Tangu mwaka 1972 hadi 2001 aliorodhesha kila kiumbe alichokiona kwenye bustani yake ya nyumbani mjini Leicester. Bustani yenyewe, pamoja na nyumba, ilikuwa mita za mraba 741, yenye ukoka, vitanda vya maua na mboga kama ya mtu yeyote, ila dawa hakutia. Alifikisha spishi 2,673, na karibu 2,000 kati ya hizo ni wadudu. Miaka mingi ya kazi hiyo alikuwa akiugua maradhi yaliyomnyima nguvu za kutembea. Mimi ninapochoka kuinama huwa namkumbuka huyo mama, nainama tena.

Weka pia benchi linalotazama kisiwa. La kukaa mtu wawili.

SWALI: Bibi, umesema tuweke maji kwa ajili ya ndege na nyuki. Nyumbani wamenikatalia, wanasema nitazalisha mbu. Wana haki? (Kijana wa Beseni)

JIBU: Wana haki ikiwa utaweka na kusahau. Kwenye joto, mbu huweza kutoka yai hadi kuruka kwa muda wa kama wiki moja. Beseni lako likimwagwa na kusuguliwa kila siku ya tatu, hakuna mbu atakayemaliza masomo. Maji yamwage kwenye udongo, si kwenye mfereji.

Beseni liwe na kina cha vidole viwili, na ndani uweke mawe yaliyochomoza juu ya maji. Nyuki hawezi kunywa akiwa anaogelea. Kwenye ndoo au pipa, egemeza kipande cha ubao kama ngazi, kwa ajili ya mjusi aliyeteleza. Nimeshatoa wawili waliokufa kwenye pipa langu kabla sijapata akili hiyo.

Ukija kuwa na bwawa dogo la kudumu, mambo hubadilika. Watoto wa kerengende huishi majini na hula viluwiluwi vya mbu, na chura naye ana mgao wake. Wengi hukimbilia kutia samaki. Samaki atakula mbu, sawa, lakini atakula pia mayai ya chura na wale watoto wa kerengende, ukabaki na samaki tu. Chagua unachotaka kutazama jioni.

SWALI: Lantana huvuta vipepeo kuliko ua lolote nililowahi kuona. Mbona hujaitaja? (Mdadisi)

JIBU: Kwa sababu naijua. Kwao ni nchi za joto za Amerika. Ilitembezwa duniani kama pambo, na leo ni gugu sumbufu Afrika, Asia na Australia. Ndege hula matunda yake na kuipanda wasikoulizwa, majani yake huwadhuru ng'ombe na mbuzi, na ikishasonga mahali mimea mingine haipumui. Kwamba vipepeo wanaipenda, ni kweli. Kama tayari unayo, kata vichwa kabla matunda hayajawa meusi. Kama huna, zinia inatosha.

SWALI: Bibi, kwa heshima zote, umeniponza. Mwaka jana uliandika hapa hapa kwamba maji ya mwarobaini ni "dawa isiyo na madhara". Mmea wangu wa utomvu ulijaa vidukari vya manjano, nikanyunyizia kama ulivyoelekeza. Kwenye mmea huo huo nilikuwa na viwavi kumi na wanne wenye mistari. Kwanza waliacha kula. Kisha wakaanza kujivua ngozi wakashindwa, ngozi ya zamani imewakwama nusu, mpaka wote wakafa. Naomba ukanushe. (Aliyehesabu)

JIBU: Nakanusha.

Niliandika "isiyo na madhara" nikiwaza watoto wetu, udongo wetu na mikono yetu, sikuwawaza waliokaa juu ya jani. Na ulichokiona ndicho hasa mwarobaini unachofanya. Ndani yake mna kitu kiitwacho azadiraktini, ambacho humpotezea mdudu hamu ya kula na kuvuruga homoni zinazomwezesha kujivua ngozi. Kiwavi hujivua mara nne au tano kabla ya kuwa pupa, kila mara ni kama kuvuka mto, na wewe uliwakuta mtoni. Haichagui kidukari wala kiwavi. Asiyekula jani huponea kwa sehemu kubwa, ndiyo maana tukaipa sifa njema, lakini kiwavi kazi yake ni kula jani. Vivyo hivyo kwa zile dawa za bakteria zinazouzwa kuwa ni za asili kabisa dhidi ya viwavi. Ni za asili, na zinaua viwavi. Kiwavi wa kabichi na kiwavi wa kipepeo umpendaye, kwa dawa hizo ni sawasawa.

Wasomaji wengine mlioshika ushauri wangu ule, mwarobaini ubaki kwa mimea ambayo hamna mpango wa kuona kipepeo juu yake.

Vidukari vya manjano kwenye mimea hiyo ni jambo la kawaida, na mara nyingi mmea wenye afya huvistahimili. Ukiwa na subira ya wiki mbili au tatu watakuja wale wadudu wa duara wenye mgongo mwekundu na madoa meusi, pamoja na watoto wao wasiofanana nao hata kidogo, weusi wenye alama za rangi ya chungwa, kama vimamba vidogo. Watu huwaua hao wakidhani ni adui. Ukiwa huna subira, lowesha vidole na kuvisugua, au vipige kwa maji ya mpira. Ila kagua kwanza.

Mmea usiung'oe. Kata matawi yote uliyonyunyizia, uache shina lichipue upya. Mimea hiyo huwa haichelewi. Majani mapya yakishatoka, geuza mgongo wa jani kila asubuhi. Mayai hutagwa moja moja, meupe ya maziwa, yana mifuo midogo kutoka juu hadi chini, utayaona vizuri ukiinamisha jani kwenye jua. Ukipata la kwanza, funga uzi mwekundu kwenye tawi lake, na vidukari uvifute kwenye matawi mengine.